Pumzi Kabla ya Ubeti wa Tatu

Kabla ya kupiga picha yoyote, wifi yangu Emilia hunyoosha mkono wa kushoto kwenye mwanga, hutazama kiganja, kisha huugeuza na kutazama mgongo wa mkono. Asiyemjua hudhani anaangalia kama mvua inanyunya. Mwezi uliopita nilimtembelea kwao Gulwe, kwenye nyumba ya wazazi wake, tukakaa uani tunachambua mchicha. Kamera ilikuwa ndani, haina hata chaji. Jua liliposhuka na kupenya kwenye miti ya ua, niliuona mkono ukinyooka wenyewe, kiganja, kisha mgongo. Alipoona namwangalia alicheka bila sauti, akarudi kwenye mboga.

Siku hizi hacheki kwa sauti wala hasemi. Tangu operesheni ya pili anapumua kwa bomba dogo shingoni, na linalohitaji maneno huliandika kwenye simu. Kwa hiyo ninaposimulia kwamba Emilia alisema hili au lile, ni mambo ya kabla ya hapo, alipokuwa bado na sauti, au na kile kilichobaki cha sauti.

Alikuwa muuza nafaka soko la Majengo: uwele, mtama, karanga, na alizeti ikivunwa. Ni dada wa mume wangu, Ernest, na niliolewa nikamkuta tayari anajulikana mtaa mzima wa Nkuhungu kwa kuimba. Kwaya ya kigango chetu ilianzishwa na watu wachache, yeye akiwa mmojawapo, na tangu mwanzo alikuwa mtu wa sauti ya kwanza. Kulikuwa na wimbo mmoja wa shukrani ambao kwaya iliimba kila sikukuu. Baada ya ubeti wa pili wote hunyamaza, huvuta pumzi pamoja, na ubeti wa tatu huanza kwa sauti ya mtu mmoja kabla wengine hawajaingia. Mtu huyo alikuwa Emilia. Mimi si mwanakwaya, hukaa kwenye mabenchi, lakini nilikuwa nausubiri ukimya ule mfupi kuliko wimbo wenyewe.

Halafu shingo ikavimba. Kabla ya operesheni ya kwanza daktari alimweleza kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na uvimbe, na kwamba akiamka anaweza kukuta mambo yamebadilika. Alipoamka, sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta gunia kwenye sakafu. Sokoni aliendelea na kazi kwa kuonyesha vidole na kutikisa kichwa. Kanisani alikaa nami kwenye benchi. Wanakwaya wenzake hawakusogea kuziba nafasi yake. Hakuna aliyeamua hivyo. Restuta alisimama alipozoea kusimama, Lea alisimama alipozoea, na katikati yao pakabaki pengo la mtu mmoja. Ubeti wa tatu alipewa Lea.

Hali ilikwenda hivyo hadi kwaya ilipoanza kujiandaa kwa jubilei ya miaka ishirini na tano. Kwenye mkutano baada ya misa, mwenyekiti wa kwaya, Germana, alisimama kuzungumzia sare. Germana ni wa sauti ya pili, ana mwili mkubwa na maneno mengi, na wamekuwa wakitaniana na Emilia tangu usichana.

"Emilia, dada yangu," alisema, "sheria tuliitunga wenyewe na wewe ukiwepo. Joho ni la anayeimba. Kuna watu wapya watatu hawana joho."

Emilia aliuliza, "Kamera ya kwaya iko wapi?"

"Kabatini. Tangu Charles ahamie Singida, nani ataigusa?"

"Nipeni mimi."

Mwalimu wa kwaya, mzee Sostenes, alivua miwani. "Unajua kupiga picha wewe?"

"Sijui."

"Sasa?"

"Hata kuimba sikuzaliwa najua, Mwalimu. Ulinifundisha wewe, na fimbo ulikuwa nayo."

Watu walicheka, na kicheko kile kilimsaidia. Mwishowe walikubaliana hivi: kwaya itatoa kalenda ya jubilei, na picha ya kwanza ya kalenda ataipiga Emilia. Ikitoka vizuri, yeye ni mwanakwaya na joho ni lake, aimbe asiimbe. Ikiharibika, ataitwa mpiga picha wa mjini siku nyingine na joho litarudi.

"Na usihofu," Germana aliongeza, "wewe mwenyewe tutakuweka pale kwenye kona, kwenye duara."

"Kwenye duara mnaweka marehemu."

"Tutaandika chini kwamba yuko hai."

Alicheka na wengine. Tulipofika nyumbani, maana alikuwa akiishi nasi, alilitundika joho lile jeupe nyuma ya mlango wa chumba chake, mahali ambapo lazima alione akiamka.

Aliyemfundisha ni Athuman, Mrangi wa Kondoa, mwenye chumba cha picha za pasipoti mkabala na meza yake ya nafaka. Alimwita Mama Uwele. Asubuhi kabla wateja hawajaja, Emilia alivuka barabara na kamera imefungwa kwenye khanga kama mtoto.

Picha zake za kwanza alizipiga kwenye mazoezi ya Jumamosi, akiiachia kamera ijipangie yenyewe. Majoho yalitoka safi. Nyuso hazikuonekana. Lea alikuwa meno na kola.

"Kamera ni mjinga mwenye haraka," Athuman alimwambia. "Inaona nguo nyeupe zimejaa, inadhani jua limezidi, inafumba jicho. Haijui kwamba umekuja kupiga watu. Usiiulize tena. Iamrishe."

Akamwonyesha mambo matatu ya kuamrisha. La kwanza ni tundu la lenzi: likifunguliwa sana mwanga unaingia mwingi, lakini anayeonekana vizuri ni wa mstari mmoja tu, walio mbele au nyuma yake wanapata ukungu. La pili ni shata, yaani muda ambao jicho linakaa wazi: ukiwa mrefu mwanga unatosha, lakini anayetikisika anatoka kama moshi. La tatu ni ISO, ukali wa kamera kuhisi mwanga. Ukiipandisha gizani unaona, lakini picha inajaa chenga.

"Ukipunguza kimoja lazima uongeze kingine," Athuman alisema.

"Basi ni kwaya," Emilia alisema. "Sauti ya nne wakishuka, wa kwanza hawawezi kupayuka."

"Mimi mambo ya kwaya siyajui, Mama Uwele. Lakini sawa."

Jumamosi iliyofuata aliamrisha, na aliamrisha kupita kiasi. Majoho yaliungua yakawa karatasi, mikunjo yote imepotea, na nyuso zikawa kama zimepakwa unga. Aliona aibu kuzionyesha. Germana alimnyang'anya kamera, akatazama, akaita wenzake.

"Haya sasa. Hii ndiyo picha. Kumbe fundi tulikuwa naye."

"Germana, mdomo wako haupo hapo."

"Mdomo wangu kila mtu anaujua. Nirushie kwenye simu."

Aliiweka kwenye wasifu wake wa WhatsApp, na wanawake wengine wawili wakaomba za kwao zitengenezwe vilevile. Hapo ndipo nilipomwona Emilia akiwa na wasiwasi wa kweli. Giza lilikuwa kosa ambalo kila mtu analiona. Huu weupe watu waliupenda. Angeweza kuwapa, akapata joho lake, na mambo yakaisha.

"Na kwa nini usiwape?" nilimuuliza tukiwa jikoni.

"Wewe wifi msomi, nikikupa picha ya mtu mwingine nikasema ni wewe, utaitundika?"

"Inategemea ni mzuri kiasi gani."

Alinipiga kwa kitambaa cha sufuria.

Nilitaka kusaidia, kwa hiyo nilimtafutia video kwenye simu. Mzungu mmoja aliyevaa koti zito alieleza kwa Kiingereza kwamba usipime mwanga kwenye nguo, upime kwenye kiganja chako. Jaza kioo cha kamera kwa kiganja, panga mpaka mshale wa kupimia mwanga ukae katikati, kisha usiguse tena kitu. Nikamtafsiria neno kwa neno. Emilia alilipenda jambo hilo, maana lilihitaji mkono tu, na mkono anao. Jumamosi alisimama karibu na sauti ya kwanza, akapima kiganja, akapiga. Nyuso zilitoka nyeusi tena, si kama mwanzo, lakini nyeusi. Alipima upya. Ikawa vilevile. Alirudi nyumbani akakaa kitandani na kamera mapajani, akilitazama joho nyuma ya mlango.

Jumatatu Athuman alicheka mpaka akashika meza. "Mama, yule wa kwenye video uso wake na kiganja chake vimepishana kidogo tu. Wewe weka kiganja chako karibu na shavu. Umeona? Kiganja chako na cha yule Mzungu havitofautiani sana, lakini wanakwaya wako hawana viganja usoni. Geuza mkono."

Akaugeuza.

"Hapo. Huo ndio uso wa Nkuhungu. Pima hapo, na mshale usiuache katikati, ushushe kidogo, ili majoho yasiungue."

Tangu siku ile picha zake zilianza kukaa sawa. Lakini hakuacha kukitazama kiganja kwanza. Nilimuuliza kwa nini, na kiganja hakina kazi tena. "Ndivyo nilivyoanza," alisema.

Ugumu uliobaki ulikuwa wa kanisa lenyewe. Madirisha ya kigango chetu ni madogo, kwa ajili ya vumbi na upepo, na padri hataki flashi wakati wa misa. Kwaya husimama mistari minne kwenye ngazi kando ya altare. Emilia alipofungua tundu la lenzi ili apate mwanga, sauti ya nne huko nyuma wakawa ukungu. Alipolibana ili wote waonekane, ikabidi shata ikae wazi muda mrefu, na kwaya yetu haijui kuimba bila kucheza: bega hili, bega lile, hatua kushoto. Wakatoka moshi. Alipoipandisha ISO, chenga zikatua kwenye nyuso kama pumba za uwele. Athuman alimwazima stendi ya miguu mitatu, kisha akaona hata hiyo haisaidii.

"Stendi inaishika kamera," alisema, "haiwashiki watu. Waambie wasimame tu, wakutazame, upige."

Mzee Sostenes alikataa. "Kila kwaya ina picha ya watu wamesimama kama wanangoja sindano. Mimi nataka tukiimba. Siku ya jubilei, ndani ya misa, wote wakiwepo. Kama haiwezekani niambie mapema, nimwite mtu."

"Itawezekana," Emilia alisema. Hakujua itawezekanaje. Aliniambia hivyo njiani.

Wakati huo kulikuwa na jambo jingine ambalo kwaya haikulijua. Uvimbe ulikuwa umerudi, safari hii upande wa pili wa shingo, na ulikuwa unabana. Daktari alimwambia wazi kwamba mshipa wa sauti uliobaki umezungukwa, na kwamba kuukata uvimbe ni kuukata na mshipa. Atapona, lakini hatasema. Tarehe aliyopewa ilikuwa wiki moja baada ya jubilei. Emilia alimwomba daktari isiwe kabla. Daktari alidhani ni mambo ya sherehe.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa hadi nje. Nilikaa benchi la tatu ili niwe karibu naye. Wakati wa matoleo, watu wakipanda na vikapu vya zabibu na mtama, Emilia alipita pembeni na kupanda ngazi za kwaya akiwa amevaa joho lake na kamera shingoni. Ili kujua mwanga unaoangukia nyuso ilibidi asimame zilipo nyuso. Akaingia kwenye lile pengo kati ya Restuta na Lea. Akanyoosha mkono, akautazama, akaugeuza, akaupima kwa kamera, akazungusha vitufe vyake. Restuta alimsogelea kidogo begani, kama ambavyo watu wa mstari mmoja hufanya. Kisha Emilia alishuka, akapiga goti kwenye njia ya katikati, akabana viwiko, na hakugusa tena vitufe.

Wimbo wa shukrani ulianza baada ya komunyo. Ubeti wa kwanza ukapita, hakupiga. Kwaya ilikuwa inayumba vizuri kuliko siku zote. Ubeti wa pili ukaanza, hakupiga. Nilimwona Germana, huku akiimba, akimtolea macho na kuinua kidevu: piga. Nilidhani Emilia ameogopa, au kamera imegoma mbele ya watu wote.

Ubeti wa pili ukaisha. Mzee Sostenes aliinua mikono yote miwili, na kwaya ikanyamaza. Kila mtu akarudisha uzito kwenye miguu yote miwili, mabega yakapanda, vifua vikajaa. Kwa muda ule, kama ilivyo kila mara, hakuna mtu aliyetikisika. Emilia naye alivuta pumzi. Niliuona mgongo wake ukipanda pamoja na wao, nikasikia shata ikifunguka na kufunga, mlio mmoja wa taratibu ambao kanisa zima liliusikia kwa sababu hakukuwa na sauti nyingine. Halafu Lea akaanza ubeti wa tatu.

Hakupiga nyingine. Alikaa chini palepale kwenye njia, kamera mapajani, wimbo ukaisha.

Picha hiyo ninayo hapa ukutani. Nyuso zote zimeelekea mkono wa Sostenes. Midomo iko wazi kidogo. Wazee wa sauti ya nne huko nyuma wanaonekana hadi vishikizo vya kola. Majoho yana mikunjo, na kila mtu ana rangi yake: Restuta ya kwake, Lea ya kwake, Mwalimu upande mmoja na kichwa chake kinachong'aa. Kwenye mstari wa mbele kuna nafasi ya mtu mmoja, na nyuma yake unaona kipande cha ukuta.

Waliitazama kwenye kompyuta ya Athuman, wamesongamana chumba kizima. Germana aliinama muda mrefu.

"Nimekuwa mweusi," alisema.

"Ndivyo ulivyo," Emilia alimjibu.

"Najua." Akaigusa picha kwa kidole. "Nimemwona mama yangu hapa. Alikuwa hivi hivi. Hata shavu."

Hakuna aliyetania baada ya hapo. Mzee Sostenes alisema picha imepita. Athuman aliuliza kama awasogeze Restuta na Lea kwa kompyuta ili pengo lifungwe, ni kazi ndogo tu. Germana ndiye aliyesema aache kama lilivyo.

Habari za operesheni niliwaambia mimi, kwa ruhusa yake, siku iliyofuata. Jioni hiyohiyo Germana alikuja nyumbani, akakataa kukaa, akasimama mlangoni kwa Emilia na mkoba kwapani.

"Nimetoka kwa Mwalimu. Kalenda itakuwa na kurasa mbili. Ya pili ni yako."

"Kwenye duara?"

"Duara la nini? Ukurasa mzima, na joho, na hiyo kamera yako. Na chini jina lako, sauti ya kwanza. Kama hutaki, tukutane barazani tupigane."

"Na nani atanipiga mimi?"

Germana alinitazama. Nikasema sijawahi kuishika kamera ile.

"Wala yeye hakuwahi," Germana alisema.

Tuliipiga alasiri kabla ya siku ya hospitali. Daktari alikuwa amemwagiza aipumzishe sauti kuanzia jioni ile. Alfajiri iliyofuata Ernest ndiye aliyempeleka, na nilipofika mimi alikuwa ameshaingizwa ndani. Kwa hiyo nilichobaki nacho cha sauti yake ni alasiri hiyo.

Alikaa kwenye kigoda chumbani kwake, karibu na mlango ulio wazi, joho limenyooshwa. Kamera ya kwaya ilikuwa mikononi mwangu, na ile ya zamani ya Athuman, iliyokufa, ilikuwa shingoni mwake kwa ajili ya picha. Nilinyoosha mkono wangu kama nilivyomwona akifanya.

"Siyo wako," alisema. "Unampiga nani?"

Akaunyoosha wake. Kiganja.

"Geuza," nilimwambia mimi, na akatabasamu, akaugeuza. Nikapima mgongo wa mkono wake. Nikaushusha mshale kidogo chini ya katikati. Shata ilitaka ikae wazi muda mrefu, maana mwanga wa mlangoni ulikuwa umeanza kupungua.

"Itatoka moshi, wifi," nilisema. "Mikono inanitetemeka."

"Ya kila mtu inatetemeka. Bana viwiko."

Nikabana viwiko. Kwenye kioo cha kamera alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, akinitazama kama wanavyomtazama Mwalimu.

"Haya," alisema. "Vuta pumzi."